Daudi Asiye na Deraya

Shangazi yangu ana kazi mbili hapa London. Ya kwanza inamlipa: anafuta vumbi kwenye masanamu ya marumaru katika jumba moja la makumbusho. Ya pili hailipi, wala hataki ilipe: anaosha maiti wa kike wa jamii yetu ya Wazanzibari, msikitini, kila anapoitwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi hizi mbili zingekutana, mpaka asubuhi ile niliyosoma kibao.

Jumba lile huwaruhusu wafanyakazi kuleta jamaa zao mara moja moja, kabla milango haijafunguliwa kwa wageni. Shangazi alikuwa akinialika kwa muda mrefu mimi, binti wa kaka yake, nami nikawa nasema nitakuja. Siku niliyokwenda nilimkuta yuko juu ya ngazi fupi, kavaa sare nyeusi, ushungi kauchomeka vizuri shingoni, mikononi glovu, na brashi ya nywele laini kama ya kupaka poda. Mgongoni kabeba mashine ndogo ya kuvuta vumbi, mdomo wake umefungwa kitambaa cha wavu, ili chembe ya jiwe ikidondoka isimezwe ikapotea.

Ukumbi ule umejaa Wayunani na Warumi. Miungu yao, mabibi wenye mitungi, kitoto chenye mbawa. Shangazi amewapa wote majina ya nyumbani. Wanawake watatu walioshikana mabega aliwaita mashoga. "Wanasengenyana hawa tangu nilipoanza kazi," aliniambia, "na nikija wananyamaza." Mzee mmoja aliyejilaza na kikombe alimwita mvivu. Kisha akanipeleka mwisho wa ukumbi, chini ya dirisha, akiwa na uso wa mtu anayekwenda kukuonyesha mjukuu.

"Na huyu ndiye mwanangu."

Alikuwa kijana wa marumaru nyeupe, mrefu kupita mtu kidogo kwa sababu ya kiti cha jiwe alichosimamishwa. Uzito wote kauegemeza mguu mmoja. Begani linaning'inia kombeo, mkono mmoja umeshika upanga mkubwa usiomfaa, na miguuni pake kuna kichwa cha mtu mzima, chenye ndevu, kilichobonyea kwenye paji la uso. Mwilini hana hata uzi. Nilichokiona mimi kwanza ni uso wake. Mtu aliyeshinda huwa anatazama mbele, au juu. Huyu anatazama chini, pembeni, kama aliyeulizwa jambo na hana jibu.

"Naanza na yeye kila siku," alisema shangazi, akapanda ngazi. "Ukimtazama sana utaona anataka kulia."

"Na hiki kichwa?"

"Huyo mwenye nyumba. Kanuna kama yule aliyetupangisha Wembley tulipofika mwanzo. Nikimaliza mwanangu namchana naye ndevu."

Nilikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuhamia huku, na mazoea hayo hayaishi. Mahali penye kibao nasoma kibao. Kilikuwa chini kabisa, upande wa wageni. Kikaeleza kwamba ni kazi ya mchongaji wa Kiingereza aliyejifunza Roma, na kwamba kijana ni Daudi, baada ya kumuua yule pandikizi la mtu. Nikasema kama mtu anayetoa habari njema:

"Kumbe ni Nabii Daudi, shangazi. Na huyu mwenye nyumba wako ni Jaluti."

Brashi ilikuwa pajani mwa yule kijana. Ikasimama hapo hapo.

"Nani?"

"Daudi."

"Daudi yupi?"

"Nabii Daudi."

"Alayhi salaam," alisema, maana ulimi wake ulikuwa umeshazoea kulijibu jina hilo bila kungoja akili. Kisha akili ikafika. Uso wake ulisawijika mbele ya macho yangu. Alishuka ngazi taratibu, akageukia ukuta, akavua glovu moja baada ya nyingine kama zinamuunguza, akasema astaghfirullah kwa sauti ya chini, tena na tena, mpaka nikashikwa na hofu.

Kosa lenyewe lilikuwa jepesi kulielewa. Shangazi alizungukwa na miungu ambayo leo haina hata mtu mmoja anayeiamini, akadhani kijana wa dirishani naye ni mmoja wao. Vibao aliviona ni vya wageni. Yeye huingia kabla yao, hufanya kazi yake kwa nyuma na juu ya ngazi, huondoka wanapoingia. Miaka yote hiyo alipangusa jiwe la makafiri wa zamani, na kwa kulizoea akalipenda.

Ili mtu aelewe lililomshtua, sharti ajue ile kazi ya pili. Kwetu maiti haachwi wazi. Hutandikwa shuka, na mwosha hupitisha mkono chini yake, umefungwa kitambaa, akaosha asichokiona. Mwenzake humimina maji. Mwosha akiona jambo, zuri au baya, hulizika pamoja na mwenyewe. Na wanawake huosha wanawake. Mwanamume haoshwi na mwanamke isipokuwa mkewe, au awe mtoto mdogo. Shangazi alijifunza haya kwa bibi yake, mtaani Ng'ambo, mjini Unguja, akiwa binti. Leo kuanzia Wembley mpaka Lewisham wako wanawake wazima ambao wakiwaza kufa, wanapata utulivu kwa kuijua mikono yake.

Tulirudi kwa treni. Kulikuwa na mechi uwanjani na behewa lilijaa watu wa skafu wakiimba. Shangazi alikaa katikati yao, viganja kavilaza mapajani vimetazama juu, kama aliyetoka kupakwa hina akingoja ikauke.

"Nimemsugua," alisema.

"Shangazi, ni jiwe."

"Najua ni jiwe."

"Na sanamu si yeye. Pengine huyo aliyechongwa ni kijana wa watu tu, muuza mikate wa huko Roma."

"Kwa hiyo siku ukiona picha yangu mimi niko uchi, utasema ni karatasi?"



Siku chache baadaye nilikuwa jikoni kwake, anakaanga bajia, simu ikaita. Walikuwa watu wa msikitini. Kuna mama amefariki, wanamwomba. Shangazi aliwasikiliza, akasema inna lillahi, akauliza ni nani na ana watoto wangapi, kisha akasema hawezi, anaumwa. Akakata simu, akageuza bajia.

Mimi ndiye niliyeshtuka safari hii. Sijawahi kumwona anakataa. Aliwahi kuiacha karamu ya harusi ya binti yake mwenyewe, na hina mkononi, akaenda kuosha kisha akarudi kucheza.

"Unaumwa nini?"

"Hii mikono si ya kumwekea maiti tena."

Nikamtaja shogaye. Ni rafiki yake tangu utotoni. Walitoka Unguja pamoja, na wakati ule alikuwa amelazwa hospitali, na madaktari walikuwa wameacha kuzungumza habari za kupona. Alikwishatoa wasia mbele yetu sote: aoshwe na shangazi, asiguswe na mwingine.

"Yeye utamwambia nini?"

"Sitamwambia kitu," alisema. Mafuta yalikuwa yakiungua na hakuyaona.

Nikaona kazi yangu ni kumtoa pale alipokwama, na njia niijuayo mimi ni kuuliza na kusoma. Nikasoma juu ya wachongaji wa zama zile. Nikaja kumweleza huku tunakunywa chai. Nikamwambia watu wale waliwahusudu Wayunani wa kale, na kwao mwili mtupu ulikuwa ndiyo vazi la shujaa. Tena hapa pana maana zaidi: katika kisa cha kitabu chao, mfalme alimvika kijana deraya yake, vazi la chuma la vita, kijana akaiona nzito, akaivua, akaenda vitani na kombeo na mawe tu. Kwa hiyo anapochongwa hana kitu mwilini, maana yake ni kwamba hakutegemea chuma. Hana kinga ila Mungu.

Shangazi alikoroga chai yake muda mrefu.

"Alivua deraya," alisema. "Suruali nani kasema alivua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na wewe chuo cha Kurani ulikwenda kufanya nini? Hujui Daudi na deraya? Mola alimlainishia chuma mkononi kama unga wa ngano, akamfundisha kufuma deraya ili watu wajikinge. Yeye ndiye aliyewavisha watu, mwanangu. Halafu wao wakamchonga bila hata uzi."

Kisa kile nilikijua tangu utotoni. Kibao nilikisoma kwa macho yangu. Sikuwahi kuviweka viwili hivi pamoja. Tangu hapo nami sikuweza tena kusema ni jiwe tu.

Nikarudi jumbani peke yangu. Mkuu wa kazi ile, anayesimamia usafi wa mawe, ni mama wa Kiingereza mwenye mvi na penseli sikioni. Aliniuliza kama shangazi ni mgonjwa, maana ameomba ahamishiwe chumba cha saa za kale, na hakusema sababu. Nikamweleza kidogo, kwa tahadhari. Hakunicheka. Alinipeleka kwa yule kijana, akanionyesha kwenye nyonga, kushoto na kulia, matobo mawili madogo. Kisha akanipeleka ghalani, akavuta droo, akafunua karatasi laini. Ndani mlikuwa na jani la mtini la plasta, lenye ndoana mbili za shaba kwa nyuma.

Akasema zamani lilikuwa likining'inizwa pale kwenye matobo, limsitiri kijana, wanapokuja mabibi wa heshima. Baadaye zama zikabadilika, watu wakaona ni mambo ya kuchekesha, likatolewa.

Nilisimama nikilitazama jani lile. Lilikuwa dogo kuliko nilivyotazamia, kama kifuniko cha bakuli la sukari. Nilikuwa nimeamini, bila kujiuliza, kwamba aibu ile ni yetu, tumekuja nayo kwenye masanduku yetu. Kumbe wenyewe walikuwa nayo. Nikatoka mbio kwenda Wembley, nikiwa na hakika nimempatia dawa.

"Yale matobo mawili," alisema shangazi nilipomaliza. "Mimi nilidhani ni alama za vipande vya mabomu ya vita."

"Ni ya ndoana."

"Kwa hiyo walijua."

"Walijua."

"Wakamsitiri."

"Ndiyo, shangazi."

"Wakamvua tena."

Hapo nikaona nilichomletea. Aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Mtu ambaye hujawahi kumvisha, ukimwacha uchi tutasema hujui," alisema. "Uliyemvisha ukamvua, hilo sijui linaitwaje."

Kesho yake akarudi kwenye saa zake.

Shogaye alituita mwenyewe. Sijui nani alimpelekea habari. Mji wetu sisi ni mdogo sana ndani ya huu mji mkubwa. Tulimkuta kaegemezwa mito, amekwisha mwili wote isipokuwa sauti. Mjukuu wake wa kike alikuwa kando ya kitanda, wale wa kuzaliwa hapa, anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Akatumwa chai, ili wakubwa wazungumze.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Kaa, na usiandike." Akamgeukia shangazi. "Nimesikia umeacha kazi."

"Sijaacha. Niko kwenye saa."

"Sikuulizi za kwao. Nakuuliza yangu."

Shangazi akatazama sakafu.

"Shoga, mikono yangu hii..."

"Imefanya nini? Imeota ukoma?"

"Nimemshika nabii."

"Wa jiwe."

"Yu uchi."

"Ulimvua wewe?"

"A-a."

"Nani kamvua?"

"Wazungu. Zamani hizo."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nikampangusa vumbi."

"Basi kesi si yako. Ukikuta mtoto wa watu katupwa uchi vumbini, utampita?"

"Mwanamke haoshi mwanamume, na wewe unajua."

"Ana ndevu?"

"Hana."

"Basi mtoto. Na siku alipomuua Jaluti alikuwa hajapewa ufalme wala utume, vilikuja baadaye. Mwalimu alitufundisha, wewe ulikuwa umesinzia."

"Ana mabega, shoga."

Mgonjwa alijiinua kidogo kwenye mito.

"Mabega umeyaona," alisema. "Sasa naujua ugonjwa wako."

"Lione," alisema shangazi, akajifunika mdomo kwa ushungi, na mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika. Yule mwingine alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nesi akachungulia kwenye pazia.  Walikuwa wanabishana juu ya kuoshwa kwa mtu aliye mbele yetu, na anayecheka zaidi ni yeye.

Kikohozi kilipotulia, alisema kwa sauti nyingine.

"Sikiliza. Hapa kila asubuhi wananifunua. Wana adabu, wanavuta pazia, wanasema samahani. Lakini wananifunua, na kila siku ni sura mpya. Mimi nimevumilia kwa sababu najua mwisho wake uko wewe. Nasema haya yatapita, kuna mkono mmoja utakuja kunifunika. Ukiniondolea hilo, utakuwa umeniacha kama huyo wako."

 Shangazi aliona mguu wa shogaye umechomoza nje ya blanketi, mwembamba, kucha zina weusi wa hina ya zamani. Akaufunika. Akazunguka kitanda, akachomeka blanketi chini ya godoro upande huu na upande ule, taratibu, bila kukosea pembe hata moja, mpaka mgonjwa akasema, "Basi, bado sijafa, niachie nipumue."

Wiki ile ile shangazi alimwendea yule mama wa penseli. Aliomba jambo moja: kwamba anapompangusa yule kijana, kabla milango haijafunguliwa, aruhusiwe kumtandikia kitambaa kiunoni. Mama yule aliuliza ni kitambaa gani, akataka kiwe pamba tupu, kisichotiwa rangi, kimefuliwa bila manukato. Akakubali. Shangazi alikata kipande cha bafta nyeupe ya sanda katika ile anayoweka akiba kwa ajili ya kazi yake nyingine.

Nilikwenda kumwona siku moja tu. Alipanda ngazi, akatandika, akapitisha brashi chini ya bafta huku macho yake yako dirishani. Yale matobo mawili nilimwona anayapitia kwa kidole, juu ya kitambaa, kama mtu anayehakikisha kifungo. Saa ya wageni ilipokaribia akaikunja bafta akaitia mfukoni, maana nyumba si yake. Kichwa cha Jaluti alikichana ndevu kama kawaida, ila hakukisemesha.

Shogaye alifariki asubuhi moja ya mvua. Simu ilipotoka msikitini nilikuwa pale pale jikoni, na shangazi alisema neno moja tu: nakuja. Mwenzake wa kumimina maji alikuwa amesafiri. Akanitazama mimi. Sikuwahi kuingia chumba kile maishani mwangu.

Ni chumba cha vigae vyeupe, chenye meza ya chuma na mfereji wa maji kando ya ukuta. Palikuwa na ndoo, unga wa majani ya mkunazi, karafuu maiti ndani ya bakuli.  Nilitazama kila kitu isipokuwa meza.

Shangazi alivaa glovu. Kabla ya kuanza aliinua mikono yake miwili, akaitazama chini ya taa, mbele na nyuma, nami nikafikiri sasa atasema hawezi. Tungemwita nani? Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Akaishusha, akatandaza shuka, akavuta upindo mpaka magotini, akanyoosha pembe zote nne.

Yaliyokuwa chini ya shuka ile siwezi kuyaandika, na hapa mazoea yangu yote ya kuuliza yalifika mwisho wake. Naweza kuandika kwamba hakuna kilichofunuliwa. Naweza kuandika kwamba macho ya shangazi yalikuwa kwenye dirisha lenye mvua, na mkono wake ulikuwa unajua njia.

"Bismillahi," alisema. "Tia maji, mwanangu. Kidogo kidogo, asishtuke."